Jua la Kabatini

Kazi yangu hospitalini Bariadi ilikuwa kuwapangia zamu wagonjwa wa ngozi waliotibiwa kwa mashine ya mwanga. Mashine yenyewe ni kama kabati refu lenye taa ndani. Mgonjwa anavua nguo, anavaa miwani myeusi, anasimama katikati, na muda ukiisha mashine inalia, anatoka.

Mzee mmoja mfugaji wa Nkololo, aliyejaa magamba mgongoni na mikononi, aliizunguka mpaka nyuma akiikagua.

"Mayu," akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "nimechunga ng'ombe juani tangu utoto. Leo nije mjini kufuata jua la kabatini?"

Mkewe aliyemsindikiza akanitangulia kumjibu. "La kule limekushinda. Ingia."

Akaingia. Nikamsisitizia asitoke mpaka mashine ilie. Haukupita muda, umeme ukakatika. Nikaenda kumtafuta fundi wa jenereta, nikamkuta kantini anakula wali, na hakuwa na haraka nao. Moyoni nilidhani mzee keshatoka na kuvaa nguo kitambo.

Niliporudi, mkewe alikuwa kwenye benchi nje ya chumba.

"Mzee yuko wapi, mama?"

"Si yumo humo ulimomweka?"

Nikagonga kabati. "Mzee, bado umo?"

"Nimo. Haijalia."

"Umeme umekatika, mzee. Haiwezi kulia."

"Kwa hiyo nimesimama uchi gizani, na miwani myeusi juu?"

Mkewe alicheka mpaka kitenge kikamdondoka begani. Mimi nilijikaza, nikamwomba mzee radhi, nikaamini hatarudi tena.

Alirudi. Zamu baada ya zamu magamba yakapungua, na asubuhi moja akatokea na shati jekundu la mikono mifupi, limepigwa pasi, ananukia manukato, anasalimia kila muuguzi koridoni. Kwa miaka mingi hakuwahi kuonyesha viwiko vyake hadharani. Nilifurahi kama vile ngozi ni yangu.

Mkewe akanivuta pembeni.

"Mayu, hiyo taa haipunguzwi kidogo? Siku hizi akienda mnadani harudi mapema."

"Kiasi anapanga daktari, mama."

"Basi niingize na mimi."

"Wewe huumwi ngozi."

Akamtazama mumewe, aliyekuwa akijigeuza mbele ya kioo cha dirisha. "Nitaumwa," akasema, akaenda kuketi karibu naye.