Nilivyolisingizia Ziwa

Mimi ni fundi wa mota za boti hapa Keshero, na tangu Jumatatu natamani kuhama mji.

Papa Bahati, mwenye boti ya abiria, aliniletea mota yake ya zamani. Ikienda polepole haina shida, ukiongeza mwendo inazimika. Nilisafisha kabureta, nikabadilisha buji ya kuwashia moto, nikafungua kila kinachofunguka. Siku tatu, bado inazimika. Badala ya kukiri kwamba nimeshindwa, nikatangaza mbele ya watu wote wa ufukweni kwamba ni mazuku: gazi, hewa ya sumu ya chini ya ziwa, inapanda na kuikaba mota. Papa akaniamini. Akaamuru boti ipite kandokando ya nchi kavu, hata kama njia ni ndefu.

Jumatatu nilipanda na Papa na abiria ili niwaonyeshe. Tukaongeza mwendo, mota ikazimika.

"Munaona mazuku?" nikasema.

Mama mmoja wa Masisi, muuza maziwa, alikuwa ameketi karibu na tanki la petroli. Akagusa skrubu ndogo juu ya kifuniko.

"Papa fundi, hii inafungwa juu ya sababu gani? Hata maziwa haitoke muzuri mu bidoni kama hewa haiingie."

Akailegeza kwa vidole viwili. Tanki likavuta pumzi. Mota ikawaka, tukakimbia hadi katikati ya ziwa bila kukohoa hata mara moja.

"Nani aliifunga?" Papa akauliza taratibu.

Kabla sijapata uongo mwingine, nahodha wake akajibu.

"Ni fundi mwenyewe, Papa. Siku tulimupeleka ku ndoa ya dada yake, alisema harufu ya petroli inamuumiza kichwa."