Msiba wa Kuigiza Uani Kwetu Tabata

Shindano lilitupa siku mbili tu za kutengeneza filamu fupi. Dairekta wetu, rafiki yangu wa chuo, alimaliza siku ya kwanza akichagua kofia ya kuvaa kazini. Siku ya pili tukarekodi msiba uani kwetu Tabata, mie nikiwa marehemu.

Mama jirani aliposikia vilio akaingia mbio, akajitupa juu yangu. "Mwanangu, jana tu ulinichotea maji!"

Nikafumbua macho. "Mama, tunaigiza."

Akanizaba kofi, kamera ikiendelea kurekodi.

Majaji wakampa yeye tuzo ya mwigizaji bora. Dairekta akapanda jukwaani kuipokea, akaeleza alivyomfundisha kulia kwa mwezi mzima. Watu wakapiga makofi. Mama mwenyewe hakualikwa.