Kitambaa cha Kiti cha Mbele

Chama cha wanafunzi wa hisabati kilikuwa na desturi iliyowatoa jasho hata wahadhiri wazito. Kila kilipoandaa mhadhara wa watu wote, kwenye kiti cha katikati, mstari wa mbele, alikalishwa mtu asiyejua hisabati, akapewa kitambaa chekundu. Akipotea njia anakiinua. Kitambaa kikipanda, msemaji ananyamaza, anafuta ubao, anaeleza upya kwa maneno mengine. Awe profesa, awe nani, hakuna kubishana.

Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa fundi viatu wa pale langoni mwa chuo. Walimpata kwa bahati tu. Mwenyekiti wa chama wa wakati huo alifuata viatu vyake kwenye kibanda cha fundi, akawa anamsimulia fundi habari ya mhadhara uliopita, na fundi akamkatiza kwamba hapo hajaelewa, arudie. Akamkatiza tena, na tena, bila haya wala kiburi, huku anapaka gundi. Sisi wengine tusipoelewa jambo hutikisa kichwa kwa busara, ilimradi tusionekane wajinga. Huyu hakuwa na kichwa cha kutikisa. Wanafunzi wakambandika jina la Mzee Kitambaa, naye akalivaa kama kofia mpya.

Mkewe alifariki binti yao akiwa bado anajifunza kusema. Fundi akamlea peke yake, pale pale kibandani, kati ya soli na harufu ya ngozi. Mtoto alilala chini ya meza ya kazi na kujifunza kuhesabu kwa misumari ya viatu. Alipokua akaingia kwa lango lile lile ambalo babake alikaa nje yake, akasoma hisabati, akajiunga na chama. Mwaka wake wa mwisho wakampa zamu ya kuhadhiri.

Wiki nzima hakula vizuri. Alitaka kuwa mwalimu, hakutaka kitu kingine, na alimwambia babake waziwazi kwamba akishindwa kumweleza mtu asiyejua, basi kazi hiyo si yake na ataiacha. Fundi alimwambia ale kwanza.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Binti alizungumzia namba tasa, zile zisizogawanyika kwa mafungu sawa ila kwa moja na kwa zenyewe, na kwa nini hazina mwisho. Alianza vizuri. Tuseme ndizo hizi tu, akasema, mbili, tatu na tano. Zizidishe zote, halafu ongeza moja. Akaandika thelathini na moja, akasema basi, imeonekana, akaendelea.

Fundi hakuona kilichoonekana. Hiyo moja imetoka wapi, na imeongezwa ya nini? Vidole vyake vilishashika kitambaa. Lakini aliona chaki inavyotetemeka mkononi mwa binti yake, akaona mwalimu anayemsimamia binti ameketi kando amekunja mikono, na moyo ukamlegea. Kitambaa kikabaki gotini. Binti akatupia jicho kiti cha mbele, akaona kitambaa kimetulia, akapata nguvu. Akaongeza mwendo.

Kuanzia hapo ukumbi mzima ulipotea. Hakuna aliyethubutu kuuliza, maana kama Mzee Kitambaa ameelewa, wewe ni nani usielewe? Makofi yalikuwa machache na ya adabu. Hapakuwa na swali hata moja. Mlangoni, binti aliwasikia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiambiana kwamba hawakutoka na kitu.

Asubuhi yake binti alimfuata babake kibandani, akasimama mbele ya meza.

"Baba, jana ulielewa?"

"Ulisema vizuri sana, mama."

"Sijauliza hivyo."

Fundi alikuwa na kiatu cha mtu mapajani. Akakiweka chini. Akasema hapana, alipotea pale kwenye ile moja, na hakurudi tena njiani.

"Kumbe," binti akasema. "Wageni wote waliosimama pale mbele uliwaambia ukweli. Ni mimi peke yangu uliyenionea huruma."

Fundi alitaka kueleza habari ya chaki, na ya mwalimu, na ya mama wa binti ambaye hakuwepo kuona, lakini yote yalikuwa visingizio na alivijua. Alikuwa amemdhulumu mtoto wake kwa kumpenda. Jambo hilo liliuma, na lilistahili kuuma.

"Nimeshamwambia mwalimu siendelei," binti akasema. "Nitatafuta kazi nyingine."

Aligeuka kuondoka. Fundi akavuta droo, akatoa kitambaa chekundu, akakitandaza gotini.

"Anza upya," akasema.

"Baba, niache."

"Nimekuja mhadharani. Anza."

Binti alisimama pale pale, mgongo kwake, na watu wakipita langoni. Kisha akageuka. Akaanza kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka. Mbili, tatu, tano. Zizidishe, ongeza moja.

Kitambaa kikapanda.

Akaeleza tena. Kikapanda tena. Mara ya tatu macho yalimjaa machozi, akamtazama babake kwa hasira ambayo fundi hakuwahi kuiona usoni mwake, na hasira ile ilimwingia kama msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Akawa radhi kutoa chochote ili aruhusiwe kukishusha.

Hakukishusha. Aliendelea kuuinua mkono juu, mpaka binti akajifuta uso, akavuta kopo la misumari lililokuwa mezani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akahesabu misumari thelathini na mmoja, na kuanza kuipanga miwili miwili, ili ule mmoja wa ziada uonekane ukibaki.