Mguu wa Baba na Neno "Simama"

Nilisema "Simama!" kwa sauti ya askari, mguu wa Baba ukatii kabla Baba mwenyewe hajasikia. Tulikuwa Busiu, nje ya Mbale, saa nne asubuhi, Baba akiendesha lori la mahindi la tajiri wake. Tukasimama ghafla katikati ya barabara. Pikapu iliyokuwa nyuma ikatugonga makalio.

Hakufa mtu. Lakini mimi, bingwa wa kuiga mwalimu mkuu na jenereta mbovu, nilikoma kucheka. Vita vilikuwa vimekwisha, vizuizi vya askari kati ya Mbale na Jinja vimeondolewa karibu vyote. Ningejuaje kwamba kimoja kimebaki ndani ya goti la Baba? Miaka ile, dereva aliyekawia kusimama alipigwa risasi. Mguu ukajifunza kutosubiri ruhusa ya kichwa.

Fundi alikagua breki, akazikuta nzima.

"Kama breki ni nzima, basi dereva kalewa," tajiri akasema. "Lete funguo."

Baba yangu! Mtu ambaye juisi ikichacha kidogo anaimwaga nje na kunawa mikono. Alitoa funguo, hakujitetea.

Kesho yake nikatoroka shule, nikamfuata tajiri kwenye ghala lake, huko Mbale kwenye viwanda. Nikamweleza yote: utani wangu, neno lile, mguu.

"Yaani akisikia neno tu anasimama?"

"Hata wewe, bwana, ukisikia mlio wa bunduki si utaingia chini ya meza?"

"Mimi siendeshi meza." Akarudi kwenye chai yake. "Mlevi ningemwambia aache pombe. Huyu nimwambie aache nini? Mwambie natafuta dereva mwingine."

Vita vyote huyu alivisikiliza kwenye redio, amekaa Nairobi, huku lori lake likipita kila kizuizi salama kwa sababu ya mguu huohuo. Sasa mguu umekuwa ugonjwa! Nilimwambia hivyo, kwa lugha ambayo sitaiandika hapa kwa kuwa Mama anasoma. Walinzi wakanitoa.

Nyumbani nilimkuta Baba amevaa kanzu, anajiandaa kwenda msikitini. Nilimsimulia nikitegemea angalau asante.

"Ungeniachia ulevi wangu, mwanangu," akasema, akitafuta ndala zake. "Mlevi, tajiri angemrudisha kazini Jumatatu."