Mwanya Ambao Sikuuchora

Kazi yangu ni kuchora ramani zinazoambatanishwa na amri za serikali: njia hii ifungwe, ile ipanuliwe, lango la fulani lihamishwe. Njia ya kufungwa naipaka rangi nyekundu, mpya kijani. Kila lango linalofungukia njia ya kufungwa nalipa nambari, ili mwenyewe atafutiwe pengine pa kupitia. Lisilo na nambari halipo. Siku moja ililetwa faili ya mtaa wetu wa Langas, na njia yenyewe ilikuwa ile ya nyuma ya kwetu.

Niliipima kwa makini kuliko zote, tena nikiringa, maana nani angeijua kunishinda? Malango yote ya majirani niliyapa nambari. Kwetu sikuweka kitu, kwa sababu upande ule hatukuwa na lango. Tulikuwa na mwanya tu katika ua wa miiba, wa kumtosha mtu mmoja na bakuli lake.

Rafiki ya mama alipitia hapo kila alasiri. Mama ni mtu wa magharibi, mwenzake alihamia kutoka upande wa Nyeri. Mboga za mrenda zilikwenda, maharagwe meusi ya njahi yakaja, na bakuli halikuvuka tupu hata siku moja. Baba aliwahi kutaka kuziba mwanya ule kwa mlango wa mabati, mama akakataa katakata. Mlango, alisema, ni wa watu wa kupiga hodi.

Ilani ilibandikwa kwenye nguzo ya stima, na siku za kupinga zikapita. Jirani wawili walilalamikia malango yao, wakasikizwa. Kisha ukuta wa mawe ukajengwa, ukaziba njia pamoja na mwanya wetu. Sasa kufika kwetu ni kuzunguka hadi barabara kuu na kupanda mlima, na magoti ya yule rafiki ya mama hayawezi mlima. Boda boda anaziogopa kama kifo.

Huongea kwa simu, wakipigiana kelele kama viziwi, halafu mama hukata na kubaki ameishika mkononi. Nikienda Jumapili namkuta ameketi nyuma ya jikoni, peke yake. Natamani vicheko vyao. Natamani kusikia mtu akiingia kwetu huku tayari yuko katikati ya hadithi.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza mama mbona hakupinga, na ingenichukua dakika tano kuongeza alama moja.

"Hiyo karatasi tuliiona," akasema. "Tulisimama hapo na rafiki yangu, tukasomewa yote, hata jina lako. Mimi nilitaka tuandike barua. Yeye ndiye alikataa. Alisema hii ramani ni ya mtoto wetu, na hatuwezi kumwaibisha mtoto kwa ofisi yake."