Kigari Nje ya Duka la Mikate

Habari zilipokuja, dada yangu Borghild alikuwa barabarani na gari lake la kusukuma theluji. Alikuwa mwanamke pekee aliyeendesha gari la aina ile bondeni kwetu, na watu walimsikia kabla ya kumwona, kwa sababu aliimba kwa sauti iliyoishinda injini. Msimamizi wake akamwita kwa redio: mtoto amepatikana, msichana, ana miezi mitano, yuko Bogotá, jiandaeni kusafiri. Borghild akazima injini palepale katikati ya barabara, theluji inaanguka, magari yamepanga foleni nyuma yake. Mtu mwingine angesogea pembeni kwanza. Yeye alishuka, akaenda dirisha hadi dirisha, akamwambia kila dereva kwamba sasa yeye ni mama. Mchungaji wetu alikuwa kwenye foleni ile, anawahi mazishi. Alichelewa na hakumlaumu.

Alikuwa amengoja miaka mingi. Alitaka kuzaa, ikashindikana, madaktari wakanawa mikono. Ndipo yeye na mumewe Torfinn wakaomba kuasili mtoto kutoka ng'ambo, kama walivyofanya wengi wa kwetu miaka ile. Wakapimwa, wakahojiwa, wakakaguliwa mpaka uvunguni mwa kitanda. Torfinn ni mtu wa maneno ya kuhesabika, mtunza majengo ya shule. Ukimsalimia asubuhi unaweza kupata jibu lako mchana. Siku ile ya habari nilimkuta katika chumba walichomwandalia mtoto, amelala chali sakafuni. Nikamwuliza kulikoni. Akasema anaangalia dari ambayo mtoto atakuwa akiiangalia, na ameona ina doa. Akaleta ngazi, akalipaka rangi.

Mimi, Gunnvor, nilichukuliwa kwa ajili ya ulimi wangu. Nimepika katika meli za mizigo nusu ya maisha yangu, na Kihispania nilikiokota bandarini. Kina matusi mengi kuliko salamu, lakini kinafika.

Bogotá tulifikia nyumba ya wageni ya Doña Hersilia, mjane mwembamba mwenye shali begani kutwa kucha, aliyezoea kuwapokea watu wa kuasili kutoka kila upande wa dunia. Alitukaribisha kwa maji ya moto ya sukari guru na vipande vya jibini vilivyozama ndani yake, nasi tukampa zawadi ya jibini yetu ya kahawia, ile ambayo Borghild hawezi kuvuka mpaka wa nchi bila kuwa nayo. Akainusa, akaniuliza pembeni kama ni ya kula au ya kufulia. Tokea hapo nikampenda.

Siku ya kukabidhiwa mtoto, Borghild alibadilisha blauzi mpaka Torfinn akalifunga sanduku na kulikalia. Kwenye makao ya watoto, walezi walikuwa wamefunga maputo mlangoni. Wakaimba wimbo wao wa kuaga, na mmoja wao akaingia na mtoto aliyevaa gauni la manjano, kichwani ua la kitambaa kubwa kuliko kichwa chenyewe. Jina lake Yesenia. Mikono ya dada yangu, ambayo hubadilisha bamba la chuma la gari lile bila msaada, ilimpokea kama inapokea yai. Mtoto akamtazama, akatazama maputo, akamtazama tena, kisha akamshika pua na kuing'ang'ania. Borghild alicheka huku analia. Mimi pia nililia, nisijifanye. Torfinn alisema, "Haya," na kwa Torfinn hiyo ni hotuba.

Sheria ya kule ilikuwa kwamba unakabidhiwa mtoto, lakini si wako mpaka jaji atie saini. Hiyo huchukua majuma kadhaa, na wakati huo wote afisa wa ustawi wa watoto anaweza kuja akamchukua ikiwa ameona jambo baya. Afisa wetu alikuwa Bi. Amparo, mama mpole mwenye miwani, na mara zote mbili alizotutembelea aliondoka akitabasamu. Tukajiona tumeshafika.

Tatizo lilikuwa usingizi. Yesenia alizoea kulala katika ukumbi uliojaa watoto, ndoo zinagongana, redio inaimba, walezi wanaitana. Chumba chetu kilikuwa kimya, na ukimya ule ulimtisha. Mchana ukifika alilia mpaka sauti ikamkauka. Borghild akafanya alichofanyiwa yeye, na mimi, na mama yetu kabla yetu: alimvika sufu, akamlaza kwenye kigari cha kumsukumia mtoto, akakitoa nje uani. Kwetu mtoto hulala mchana nje, kiangazi na baridi, na theluji ikianguka unashusha tu kifuniko cha kigari. Watoto hulala fofofo na kuamka na mashavu mekundu. Yesenia alisikiliza kelele za mtaa wa nyuma, akafumba macho, akalala mpaka tukaanza kumkumbuka.

Doña Hersilia alitoka jikoni na mwiko mkononi. Baridi itamwingia masikioni, alisema. Itashuka kifuani. Kwao mtoto hatolewi mlangoni bila kofia, blanketi, na blanketi la kulifunika blanketi. Nikamtafsiria Borghild, Borghild akamwambia ashike shingo ya mtoto aone ilivyo na joto. Doña Hersilia akaishika, akaenda kuleta kofia. Tangu siku hiyo alitusimanga kila mchana, na kila mchana nilimwona anachungulia dirishani kuangalia kama mtoto analala vizuri.

Kosa letu lilikuja kwa sababu ya furaha. Asubuhi moja tulitoka kwenda duka la mikate mtaa wa pili, sote wanne, Borghild anasukuma kigari na kuwasalimu mbwa. Yesenia akasinzia njiani. Tulipofika, dada yangu akakiegesha kigari nje chini ya dirisha, akafunga breki, akaingia kunywa kahawa. Hakufikiri, na mimi sikufikiri, wala Torfinn. Nje ya duka la mikate la kijijini kwetu utakuta vigari vitatu au vinne vimepangwa ukutani, na ndani akina mama wanapiga soga. Tulikaa meza ya dirishani. Tulikuwa tunamwona kabisa.

Mwanamke mmoja aliyepita na kapu akasimama. Akatazama huku na huku, akainama, akamwinua Yesenia na kumkumbatia, kisha akapaza sauti: mtoto huyu katupwa, nani kaona aliyemtupa? Kabla sijameza mkate wangu watu walikuwa wameshajaa. Borghild akatoka mbio, mwanamke mrefu mweupe asiyejua neno la Kihispania, akinyoosha mikono achukue mtoto, na umati ukajiweka katikati. Nikaeleza. Nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu, maana hakuna aliyeweza kuamini kwamba mtu mwenye akili zake anamwacha mtoto barabarani kwa makusudi akaenda kunywa kahawa. Polisi akaja. Yesenia alirudishwa mikononi mwa Borghild, lakini hadi mchana Bi. Amparo alikuwa amepata habari. Alinipigia simu na kusema kwa sauti ambayo haikuwa na tabasamu kwamba faili limesimamishwa kwa jaji mpaka yeye aandike maoni yake, na kesho atakuja.

Sijawahi kumwona dada yangu vile. Hakuimba. Alikaa kitandani amempakata mtoto, akaniuliza kama wanaweza kumchukua. Nikamwambia wanaweza. Torfinn akaanza kurekebisha bawaba za mlango wa chumba ambazo hazikuwa na ubaya wowote.

Bi. Amparo alikuja mvua ya rasharasha inanyesha, saa ileile ya usingizi. Yesenia alikuwa analia chumbani, na Borghild hakuthubutu kumtoa nje. Walizungumza kwa kupitia kwangu, na niliapa kutotia chumvi. Bi. Amparo akauliza kwa nini alimwacha mtoto barabarani. Borghild angeweza kusema ilikuwa bahati mbaya. Nilimtolea macho aseme hivyo. Badala yake akaeleza yote: kwetu tunalaza watoto nje, yeye mwenyewe kalala nje, na anaamini ni jambo zuri kuliko yote aliyofanyiwa na mama yake. Barabarani alikosea, kwa sababu hapa si kwao, na alikuwa na furaha mpaka akasahau yuko wapi.

"Na mkifika kwenu," Bi. Amparo akauliza, "utamwacha nje peke yake tena?"

Borghild akageukia mlango wa chumba. Yesenia analia. Ndipo Doña Hersilia, ambaye hakuitwa, akaingia amekunja mikono.

"Hawa watu ni wendawazimu, bibi," akasema. "Nimewaambia kila siku. Wanakula sabuni wanaiita jibini. Lakini mtoto huyu analia tangu asubuhi kwa sababu wewe umewatia hofu. Muache huyu mama amtoe uani, halafu uandike unachotaka."

Bi. Amparo akaitikia kwa kichwa. Borghild akamvika Yesenia sufu na ile kofia, akamlaza kwenye kigari, akakisukuma chini ya upenu ambapo mvua haifiki. Lori likapita nyuma ya ukuta, mbwa wakabweka, mtu akapiga mluzi. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha. Bi. Amparo aliingiza mkono chini ya blanketi, akauacha humo kitambo, miwani yake imejaa ukungu. Kisha akaongea taratibu, akingoja nimalize kutafsiri kila neno.

"Mwambie siogopi baridi. Mimi nikitia saini maoni yangu, kuna mwanamke mahali fulani katika nchi hii ambaye hatajua kamwe mtoto wake yuko na nani. Barabarani watu waliona mtoto asiye na mtu. Sitaki aonekane hivyo tena, popote."

Nilimwambia. Borghild akaahidi kwa neno moja, na halikuhitaji tafsiri.

Jaji alitia saini juma lililofuata. Doña Hersilia alitupikia supu yake ya kuku na viazi, akalia, akamfunga Yesenia kwa mablanketi mpaka tukashindwa kumwona, na kwenye uwanja wa ndege Borghild aliimba tena, watu wakageuka, naye asijali. Ndani ya ndege alimwonyesha mtoto kila abiria aliyekuwa macho, na baadhi ya waliolala. Tulipofika bondeni kwetu madereva wenzake walikuwa wamepanga magari ya theluji njia nzima ya kuingia kijijini, taa zote zinawaka, wanapiga honi. Torfinn aliendesha katikati yao polepole, machozi yakimdondoka ndevuni, akasema, "Tumefika, binti yangu. Hapa ndipo nyumbani." Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo bila kuulizwa.

Baridi ilikuwa kali mwaka ule. Yesenia alilala nje kila mchana kwenye kibaraza chao, mashavu mekundu kama ya watoto wote wa kwetu, na kando ya kigari, kwenye kiti cha jikoni, alikaa Borghild. Amevaa koti la kazi, buti, kofia ya manyoya. Theluji ilimwangukia mabegani akawa anaipangusa. Akina mama waliopita barabarani walicheka. Wao wamelea wanne, watano, na hakuna aliyewahi kukaa kando ya mtoto mlangoni kama mlinzi wa benki. Wakamwuliza kama anaogopa dubu. Naye aliwacheka pia, akawapungia mkono, asiinuke.

Siku moja nikampelekea kahawa. Nilikuwa na baridi na hasira juu, nikamwambia aingie ndani, amejitesa vya kutosha. Nani atajua? Bi. Amparo yuko upande wa pili wa dunia, na hapa kila mtu anajua mtoto huyu ni wa nani.

Borghild akashika kikombe kwa mikono miwili. Alimtazama mtoto kwanza, akashusha kifuniko kidogo upande wa upepo.

"Yeye hajui," akasema. "Yule aliyemzaa. Saa hizi huenda anajiuliza yuko na nani. Siwezi kumjibu, Gunnvor, lakini naweza kukaa hapa."

Nikaingia ndani, nikatafuta kiti cha pili, nikatoka nacho.