Mashine ya Forodhani Haikojoi

Nyumbani kwetu Kivinje, mwaka ule, kulikuwa na viumbe viwili vya kuulizwa kila siku kama vimekojoa: mwanangu na mashine ya Mdachi.

Mwanangu alikuwa bado wa kubebwa. Mashine ilikuwa ya Bwana Forodha, Mdachi aliyekuwa akikusanya ushuru pale pwani. Ililetwa na meli ndani ya kasha, ikabanwa nyuma, kwenye tezi ya mashua ya mbao, kichwa juu, mguu majini, na chini kabisa rafadha ndogo ya kusukuma chombo. Kabla ya hapo Bwana Forodha alikuwa akipigiwa makasia kwenda kwenye meli zilizotia nanga mbali, maana Kivinje maji ni haba, matope tu na mikoko. Baada ya hapo akawa anakwenda kwa ngurumo na moshi, kofia kaishika kwa mkono.

Mume wangu ndiye aliyewekwa kuitunza. Alikuwa mwanamaji tangu utoto, na Bwana Forodha alimfundisha mambo mawili. La kwanza, bomba: kifaa kidogo kilichokaa penye shingo ya mashine, mchi wake ukipanda na kushuka kama unatwanga, kikivuta maji ya bahari ili kichwa kisichemke. La pili, tundu la ubavuni. Maji yakishazunguka penye moto hutokea hapo, mshipa mwembamba kama mkojo wa mtoto wa kiume. Ukiuona, bomba linafanya kazi. Usipouona, zima upesi, la sivyo chuma kitaungua.

Kwa hiyo mume wangu akirudi jioni, mama mkwe hamuulizi habari za kazi.

"Imekojoa?"

"Imekojoa, mama."

"Na mjukuu wangu?"

"Muulize mama yake."

"Amenikojolea mimi," nasema, "na kanga ndiyo hiyo, haijakauka."

Mume wangu aliipenda ile mashine kupita kiasi, na nasema hivi nikiwa na kinyongo changu chote. Kila akirudi huimwagia maji baridi ya kisima kuondoa chumvi. Maji hayo nilikuwa nikiyachota mimi, mtoto mgongoni. Halafu hulifungua bomba, akaitoa ile ngozi ya duara iliyovaa mwisho wa mchi, akaipaka mafuta ya nazi kwa kidole, taratibu, ili isikauke ikapasuka. Nilimwambia siku moja, "Baba mtoto, hiyo ngozi inapata mafuta kuliko miguu yangu."

Akajibu bila kuinua macho, "Miguu yako haipandishi maji."

Lazima niseme mapema kwamba mimi si wa pwani. Nimezaliwa milimani Umatumbi, upande wa Kipatimu. Baba alikwenda kwenye vita vya Maji Maji akiwa na bunduki ya gobori, hakurudi. Askari wakachoma maghala ya mtama, njaa ikaingia, mama akafa kwa njaa hiyo. Mimi nilipelekwa misheni huko bara, nikala, nikasomeshwa mpaka wakaishiwa la kuwafundisha wasichana. Shangazi yangu ndiye aliyenileta Kivinje akaniozesha. Watu wa mtaani waliniita "mwalimu" kwa kejeli, na wakigombana nami waliniita "Mmatumbi". Nilijibu yote mawili kwa ukali uleule.

Sasa shahamu. Asiyekaa pwani huenda haijui. Ni chokaa iliyotwangwa na mafuta ya mnyama, hupakwa kwenye chombo sehemu yote inayokaa majini ili funza wasitoboe mbao na makombe ya baharini yasishike. Maji yakitoka, mashua hulazwa upande, ikakwanguliwa, ikapakwa shahamu ingali moto, kwa kiganja.

Siku mashua ilipolazwa, Bwana Forodha alikuja kuangalia. Akaona makombe madogo yameanza kuota hata kwenye mguu wa mashine yake. Akakasirika. Mume wangu alinisimulia baadaye maneno yake yalivyokuwa: "Wewe paka yote ya majini. Yote. Mimi sitaki kuona kombe."

Mafuta yaliyeyushiwa nyumbani kwetu. Mama mkwe aliyatia kwenye chungu changu cha mchuzi bila kuniuliza. Nilirudi kisimani nikakuta mafuta ya kondoo yanachemka humo, nyumba nzima imejaa ile harufu nzito inayoshika mpaka kwenye nywele.

"Mama, hiki ni chungu changu cha samaki."

"Kitaoshwa."

"Hakioshiki hiki."

"Basi utakula samaki wenye mafuta. Wengine hawana hata hao."

Ni mama mkwe, neno la mwisho ni lake. Lakini kile chungu nilikiosha kwa mchanga, kwa majivu na kwa ndimu, na kila nilichokipika humo kiliniletea kondoo puani.

Mashua ikarudi majini nyeupe chini, imependeza. Meli ikatokea, Bwana Forodha akapanda, mume wangu akazungusha gurudumu la kichwani, mashine ikaitika. Hawakufika mbali. Tundu la ubavuni lilikuwa kavu. Mume wangu akaizima. Bwana Forodha akaamuru iwashwe tena, ikawashwa, tundu kavu, kichwa kinafuka. Wakamaliza safari kwa makasia, na mabaharia wa meli wakachungulia ukingoni wakicheka. Kucheka kule ndiko kulikotuponza. Mdachi angeweza kusamehe chuma kibovu. Kuchekwa na Wadachi wenzake hakuweza.

Jioni mume wangu hakuulizwa kitu. Mama mkwe alimtazama usoni akajua.

"Haikojoi," akasema mume wangu.

"Mtoto asipokojoa ni homa," akasema mama mkwe. "Chuma kisipokojoa ni nini?"

"Bomba limekufa."

Ndani ya kasha la mashine kulikuwa na bomba la pili, jipya. Siku iliyofuata tulilibadilisha, nasema tulilibadilisha kwa sababu skurubu zote nilizishika mimi mapajani, ndani ya kanga, huku mtoto akizitamani kuzila. Mume wangu akalitoa lile la zamani. Ngozi yake ilikuwa laini, inang'aa mafuta, haina hata ufa. Akaigeuzageuza.

"Mbona zima?" nikauliza.

"Ugonjwa mwingine hauonekani."

Akaweka bomba jipya, akakaza, akapaka mafuta ya nazi, akafunga. Akaiwasha mbele ya Bwana Forodha kwenye kina cha mapaja. Kavu.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Bwana Forodha alikuwa na askari wake mmoja, mtu wa kutoka mbali aliyepigana vita vile upande wao, na askari huyo hakunipenda kwa sababu niliwahi kumwambia mbele za watu aache kuchukua samaki bure. Akasema, nami nasikia, "Bwana, mke wa huyu ni Mmatumbi. Wale watu wanajua dawa. Walisema risasi zitageuka maji. Huyu atakuwa ameifunga mashine."

Kama ningekuwa sina mtoto mgongoni sijui ningefanya nini. Baba yangu amelala porini kusikojulikana kwa sababu ya vita hivyo, na huyu anaitumia habari ile kuniita mchawi wa mashine.

Bwana Forodha hakuamini dawa. Lakini aliamini watu kuharibu vitu vya serikali kwa makusudi. Mabomba mawili, na la pili jipya, hayawezi kufa pamoja, akasema. Akamwambia mume wangu kwamba kesho asubuhi mashine iteme maji. Isipotema, hamsa ishirini, halafu mnyororo.

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano. Kila mtu Kivinje aliwahi kumwona aliyetoka kupigwa. Kuna jirani yetu ambaye tangu siku hiyo hakuweza kukaa kitako sawasawa, na wakati wa kuswali alikuwa akichelewa kuinuka watu wakijifanya hawaoni. Na mnyororo ulikuwa barabarani, shingo kwa shingo, watu wanatoka huko wamekonda au hawatoki.

Nyumbani mama mkwe alinigeukia.

"Mwanangu, niambie kweli. Hukuitia kitu?"

"Nimeitia maji ya kisima kila siku, niliyoyachota mwenyewe. Hicho ndicho nilichoitia."

"Naulizia tu."

"Uliza na yule aliyekitia chungu changu mafuta ya kondoo."

Mume wangu akasema, "Basi, nyinyi wawili. Mgongo ni wangu."



Asubuhi nilimfuata pwani. Alinikataza, nikamfuata. Nilimwambia kama watampiga watampiga mbele yangu, nami nitakuwa nawatazama wao, si yeye. Tulifika kabla ya Bwana Forodha. Maji yalikuwa yanajaa, yamefika magotini. Mume wangu akalifungua bomba tena, akalifunga tena, kama mtu anayepekua mfuko ambao ameshaupekua. Akazungusha gurudumu. Mashine ikanguruma. Tundu kavu. Akaiacha ichemke kidogo, nadhani kwa kukata tamaa.

Ndipo nikasikia harufu. Kondoo.

Nilidhani ni nywele zangu. Nikanusa kanga, nikanusa mtoto. Harufu ilikuwa inatoka kwenye mashine. Penye shingo, chini kidogo ya kile kichwa cha moto, kulikuwa na kitu cheupe kinayeyuka na kuteleza kama mshumaa.

"Zima," nikasema.

Akazima.

"Inanuka chungu changu. Ulipaka shahamu mashua, au ulipaka na mashine?"

"Nimepaka na mashine. Bwana alisema yote ya majini."

"Mguu wote?"

"Mpaka chini kabisa. Niliipaka vizuri hasa." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, hata asubuhi ile. Kazi nzuri ni kazi nzuri.

"Na maji yanaingilia wapi?"

Akanitazama. Kwa kweli mimi nilikuwa sijui. Niliuliza tu kwa hasira, kama unavyomuuliza mtu aliyefunga mlango na ufunguo umo ndani. Lakini niliuona uso wake ukibadilika. Alikuwa amefundishwa bomba, amefundishwa tundu la kutokea. Vitundu vya kuingilia alikuwa akiviona kila siku na hakuna aliyewahi kumwambia vina kazi gani.

Akainua mguu wa mashine juu ya maji. Ulikuwa mweupe na laini kama yai, shahamu imeganda. Akaupapasa karibu na rafadha.

"Kulikuwa na vitundu hapa," akasema. "Vidogo, vinne."

"Viko wapi?"

"Hapa. Hapa mahali."

Hakuwa na msumari, wala kisu chembamba. Nikachomoa chanuo kichwani kwangu, cha mpingo, zawadi ya shangazi. Akachokoa kwa jino la chanuo. Kipande cha shahamu kikatoka kizima, kama gunzi dogo. Akachokoa cha pili. Cha tatu jino likavunjika ndani, akalitoa kwa jino la pembeni. Cha nne kilikuwa kigumu kuliko vyote, na wakati huo tulikwishamwona Bwana Forodha anashuka ufukweni na askari wake, na askari ameshika kiboko mkononi.

"Upesi," nikasema.

"Usinisemeshe."

Cha nne kikatoka, akaushusha mguu majini. Akazungusha gurudumu, mashine ikakataa. Akazungusha tena, ikaitika. Tukatazama tundu. Hakuna. Hakuna. Halafu ikakohoa, ikatema tone jeupe la chokaa na mafuta, halafu mshipa wa maji ukatoka, mwembamba, mrefu, ukaniangukia kwenye kanga na mguuni kwa mtoto. Maji ya vuguvugu. Mtoto akacheka. Mimi nikashika ukingo wa mashua.

Bwana Forodha akafika, akatazama mshipa wa maji muda mrefu.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote: ulisema yote, bwana, yote ni yote, na chanuo changu ni hiki. Mume wangu akaniwahi.

"Bomba jipya, bwana. Lilikuwa halijazoea."

"Ah," akasema Bwana Forodha. "Mimi nilisema bomba." Akapanda akakaa, akamwashiria askari aweke kile kiboko chini ya ubao wa kukalia. Wakaondoka kwa ngurumo na moshi.

Nilighadhibika njia nzima ya kurudi nyumbani. Mdachi alikuwa amepewa ushindi wa bure, na bomba zuri la zamani limewekwa kasha moja na vyuma vibovu likiitwa bovu. Mume wangu aliporudi nilimwambia hayo yote bila kupumzika. Akasikiliza.

"Ningemwambia ni amri yake," akasema, "angepata wapi pa kuiweka aibu hiyo? Angeiweka hapa." Akajigusa mgongoni.

 Sasa Mdachi hayupo, na mwanangu anang'oka meno ya utotoni, ndiyo maana naweza kuyaandika haya. Siku ile singeweza kuyasema ila kwa mama mkwe, naye alikuwa mlangoni akisubiri zamu ya kumuuliza mwanawe mwenyewe.

"Imekojoa?"

"Imekojoa, mama."

"Alhamdulillahi." Akakaa chini palepale kwenye vumbi, mwanamke aliyekuwa hakai ila kwenye mkeka. Baadaye, bila kunitazama, akasema, "Siku ya gulio nitakununulia chungu."

"Kikubwa," nikasema.

Mume wangu akaenda uani kuoga. Nilimpelekea maji, na badala ya kuyaweka nikamwogesha mwenyewe, jambo nisilolifanya tangu mtoto azaliwe. Nilimwagia maji mgongoni kata baada ya kata. Ngozi yake ilikuwa nyeusi, laini, haina hata mchubuko. Aliuliza mbona nachelewa, maji yanapoa. Nikamwambia anyamaze. Halafu nikachukua kibuyu cha mafuta ya nazi, yale aliyokuwa akipaka bomba, nikampaka mgongo wote.